Kamati ya Kutafuta Wataalamu Waliopotea

Siku Mkurugenzi alipotangaza vita dhidi ya uhaba wa wataalamu wa kinga ya mwili kwa watoto, ukumbi wa hospitali ulirindima makofi. Uhaba wenyewe haukuwa wa mchezo: daktari aliyeyajua maradhi ya kinga alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo, kwa busara ya kiofisi, alitolewa wodini akafanywa mwenyekiti wa Kamati ya Kukabiliana na Uhaba.

"Na watoto wangu wa wodini?" Daktari akauliza.

"Watasubiri kimkakati, dada yangu."

Mkurugenzi alimwonea huruma. Watu wa wodini huona mgonjwa mmoja mmoja; yeye huwaona kwa asilimia.

Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikakaa tena. Huko wodini, msichana ambaye mwili wake haukuweza kupigana hata na mafua akapandwa na homa. Mama yake akapanda ngazi mpaka ofisini.

"Baba, mtoto anaungua. Nipe daktari wangu."

"Mama yangu, daktari wako yuko kwenye kikao cha kutafuta daktari wako."

Mama alimkazia macho hadi Mkurugenzi akajikuta anapanga kalamu zilizokuwa zimepangika. Kisha mama akatoka, akaenda kuugonga mlango wa kamati. Walichoongea na Daktari hakikuwa kirefu, lakini mchana huohuo ripoti ilikamilika.

Mkurugenzi alifurahi kupita kiasi. Akaita waandishi wa habari, akainyanyua ripoti bila kuifungua. "Mapendekezo yote yatatekelezwa leo, neno kwa neno! Mwenyekiti, wasomee."

"Kamati imewapata wataalamu wawili waliopotea," Daktari akasoma. "Wa kwanza ni mimi, niliyepotelea kwenye kamati hii. Wa pili alisomea tiba ya watoto, akatibu vizuri tu, halafu akapotelea kwenye kiti cha Mkurugenzi. Wote warudi wodini."

Kamera zote zikamgeukia Mkurugenzi. Akatabasamu; mbele ya kamera uso wake haukujua kufanya kingine.

Hadi jioni, dawa ya Daktari ilikuwa ikitiririka kwenye mshipa wa msichana na homa imeanza kulegea. Pembeni, ndani ya koti jeupe lililogoma kufungika tumboni, Mkurugenzi alihangaika kutafuta mapigo ya moyo ya mtoto.

Msichana akafumbua macho. "Mama, huyu babu ni daktari kweli?"

"Alikuwa, mwanangu," mama akasema. "Tunamtibu."