Neno la Bahari Lililofika Ilomba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Steshenari yangu imepata wateja wawili. Mmoja alitaka fotokopi, mwingine alikuwa anajikinga mvua. Ng'ambo ya barabara, kwa Blandina, foleni. Blandina ana shahada ya Kiingereza na printa ya rangi. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka miwili, na Ilomba nzima bado inaniita Mwalimu Isakwisa.

Saa nane akaingia Mzee Nkuba, Msukuma anayelima mpunga Ubaruku. Binti yake Sayi aliomba mafunzo ya mbegu bora kwenye shirika moja la Iringa. Mwaka mzima, halafu ajira. Maombi yalipitia barua pepe yangu, kwa hiyo majibu yamekuja kwangu. Kiingereza kitupu. Mzee akavua kofia, akaomba nimsomee.

Barua ilisema nafasi ya Sayi iko "in the offing", na kwamba athibitishe kabla ya Alhamisi. Neno "offing" sijawahi kukutana nalo. Lakini ndani yake kuna "off", na hiyo imeandikwa hata kwenye swichi ya taa. Nikamweleza Mzee kwa upole kwamba nafasi imezimwa. Akauliza, sasa hiyo ya kuthibitisha ni ya nini. Nikasema wanataka tu kujua kama habari mbaya imefika, na mtu mwenye heshima zake hamjibu aliyemkataa. Nikachapa barua, na chini yake tafsiri, nikagonga muhuri.

Mzee akaikunja karatasi mara nne, akanishukuru. Shukrani hiyo imenikaa vibaya kifuani. Labda ni maharage ya mchana.

Jumanne, 4 Machi

Blandina alikuja kuazima pini za stepla. Nikaona ni nafasi nzuri ya kumwonyesha kuwa shahada si kila kitu. Nikamsimulia lile neno na jinsi nilivyolivunja.

Hakucheka. Heri angecheka. Alitoa simu, akafungua kamusi, akanisomea taratibu kama anayesomea mgonjwa. "Offing" ni neno la mabaharia. Ni ile sehemu ya bahari iliyo mbali na ufuko, lakini mtu aliyesimama nchi kavu bado anaiona. Meli ikionekana pale, watu wa bandarini wanajiandaa kuipokea. Ndiyo maana jambo likiwa "in the offing", maana yake liko njiani, linakaribia kufika.

Nikamjibu kwamba Mbeya hatuna bahari, kwa hiyo maana hiyo haituhusu. Akaniambia, "Mwalimu, mpigie yule mzee leo." Akaondoka bila pini.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Namba ya Mzee ninayo. Lakini nikipiga, Blandina ameshinda, na kesho mtaa mzima utajua. Nikaiweka simu kwenye droo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia. Nitawajibu Iringa mwenyewe, kwa jina la Sayi, kwamba anakubali. Wakishaleta maelekezo, nitampigia Mzee nimwambie kwamba nimewabembeleza wale watu hadi wamebadili uamuzi. Sayi anapata nafasi. Mimi napata jina. Hakuna aliyekosea.

Niliandika barua kwa Kiingereza kizito, kurasa mbili. Mwishoni nikaweka namba yangu ya simu badala ya ya Mzee, ili habari zipite kwangu kwanza. Nikaituma saa nne.

Mke wangu Marta aliuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikamweleza mpango wote. Akauliza kama kumwambia mzee ukweli kusingekuwa kazi fupi zaidi. Nikasema mambo ya ofisi yana taratibu zake.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tisa alasiri, simu kutoka Iringa. Mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akajitambulisha kwa jina la Catherine. Akaomba kuongea na Sayi. Nikasema mimi ni baba yake mdogo, na Sayi yuko shambani. Akafurahi kusikia anapenda shamba. Akasema Sayi afike ofisini kesho kabla ya saa sita mchana, yeye mwenyewe, na cheti chake halisi. Asipofika, nafasi inakwenda kwa anayemfuata.

Nilipaswa kumwambia hapo hapo kwamba Sayi hajui lolote. Kinywa changu kikasema, "Atafika, mama, bila wasiwasi."

Nikampigia Mzee Nkuba. Hapatikani. Nikapiga mara sita, saba. Msimu huu wako majarubani wanapandikiza mpunga, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Jumanne na Jumatano alikuwa nyumbani na homa, simu yake wazi kutwa. Hilo nimeambiwa na jirani yake wa Ubaruku anayeuza mchele sokoni kwetu. Jirani mwenyewe hakuwa na safari ya kurudi leo, na magari yalikuwa yameshaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipanda basi la kwanza. Likakaa Chimala karibu saa nzima, abiria wakinunua mchele kana kwamba dunia inafungwa. Nikamsihi kondakta. Akaniuliza kama nina msiba. Nikasema bado.

Nilifika Ubaruku kwa bodaboda, saa tano kasoro. Mzee Nkuba na Sayi walikuwa kwenye jaruba, maji magotini. Sayi alinikimbilia kunipokea mkoba. Ni binti mrefu, mpole, mikono yote tope. Akaniamkia kwa kupiga goti palepale kwenye tuta.

Njia nzima nilikuwa nimejiandalia hotuba ya jinsi nilivyowabembeleza wale watu. Nikafungua mdomo. Sayi akanitazama, akingoja. Nikajikuta nasema ilivyokuwa. Neno, kamusi ya Blandina, barua yangu, simu ya jana.

Sayi akauliza, "Saa hizi ni saa ngapi, Mwalimu?"

Nikamwambia. Iringa ni mwendo wa zaidi ya saa nne kutoka pale. Tukapanda kwenye tuta refu kutafuta mtandao, sisi watatu, nikampigia Mama Catherine. Alisikiliza. Akasema pole. Akasema aliyefuata kwenye orodha amekaa pale tangu alfajiri, na saa sita ikifika atasaini yeye. Akasema tena pole.

Mzee Nkuba alitazama maji muda mrefu. Akasema siku ile alirudi nyumbani akamwambia mwanawe asilie, kwa sababu waliomkataa hawamjui.

Sayi akasema aliliona lile neno kwenye barua. Lilimtia shaka, maana sentensi zilizobaki zilikuwa za furaha. "Nikasema, lakini Mwalimu ameshagonga muhuri."

Walinipa chakula. Wali na maziwa ya mgando. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile. Sayi alinisindikiza hadi kwenye bodaboda, akanishikia mkoba hadi nilipokaa vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Sikufungua steshenari. Marta hakunisema. Aliweka chai mezani akaenda kuchuma mboga. Blandina alipita mlangoni, akasimama, akasema ataangalia kama kuna nafasi nyingine za namna hiyo, amtumie Sayi. Nililia kidogo nyuma ya mashine ya fotokopi, ambako nilikwenda kuchukua karatasi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari sana. Kosa langu nimelijua. Lilikuwa neno la bahari, na mimi ni mtu wa milimani. Kuanzia leo maneno ya bahari sitayatafsiri. Yale mengine nayajua.

Saa tatu akaja dada mmoja, Goodness, na ripoti ya daktari ya mama yake. Alisema muuguzi aliyempa alikuwa anacheka, akampa na mkono wa hongera. Nikamwonya kwamba wauguzi wamefundishwa kucheka hata panapo hatari. Nikasoma. Daktari ameandika kwamba moyo wa mama uko "sound".

Hapo hapakuwa na haja ya kamusi. Neno la darasa la tano hilo: sauti. Nikamketisha Goodness kwenye kiti, nikamweleza kwa upole kwamba moyo wa mama yake umeanza kupiga kelele, awaite ndugu wote. Akajifunika uso kwa kitenge.

Nikatafuta muhuri.