Sekunde Tisa za Mjomba

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu tunayekaa dawati moja: Radi ni mimi.

Nianze vizuri. Kaka yangu ana miaka ishirini na miwili na ni mjaribu wa michezo ya kasino ya mtandaoni. Kampuni humtumia mchezo ambao bado haujatoka, anaucheza kwa sarafu za bandia zisizonunua hata pipi, kisha anaandika maoni kwa jina la Radi. Hivyo ndivyo kampuni inavyoamini. Ukweli ni kwamba Kaka hucheza raundi mbili, hupiga miayo, hunirushia simu kitandani. Andika chochote, husema, si wewe ndiye mwenye maneno?

Mimi! Mimi ambaye dukani naonyesha kwa kidole ili nisiongee. Mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali nalijibu dawati.

Lakini nikiwa Radi, jamani, sina breki! Nina miaka kumi na sita na sheria hainiruhusu hata kuufungua ule mchezo. Radi hajali. Radi ana ndevu.

Leo nimejaribu mchezo mpya wa gurudumu, ambao Kaka hakuufungua hata mara moja. Nimejifungia chooni na sauti nimeizima kabisa, Mama asije akasikia. Unaweka sarafu, gurudumu linazunguka, linapunguza mwendo, linapunguza tena, linasuasua kama mtu anayetafuta viatu gizani. Sekunde tisa! Nimeandika kwamba mpaka lisimame nimeshaota mvi, kwamba sisi vijana hatusubiri, waweke kitufe cha kurukisha. Nimeandika kwa ile lugha ya pili ya shule, ambamo huwa naonekana mtu mzima zaidi.

Nimetuma. Raha iliyoje kuwa jeuri!

Jumanne, 5 Machi

Ushindi! Bosi wa kampuni amemjibu Radi mwenyewe, kwa mkono wake! Amesema Radi ni sauti ya kizazi. Wachezaji vijana, kasema, wanaikimbia michezo mirefu. Wanataka ule wa puto linalopanda na kupasuka kabla hujameza mate, tena wanacheza miwili kwa mpigo huku wakitazama video. Kwa hiyo gurudumu linakatwa: kutoka sekunde tisa hadi mbili!

Kaka kausoma ujumbe ule kwa Mama, kifua mbele, sauti ya kwenye msiba wa tajiri. Akasema kipaji kikiwepo kipo tu. Mimi nilikuwa namenya kitunguu. Nilikimenya kile kitunguu mpaka kikaisha.

Kisha mchana, mezani, balaa.

Mjomba alitoka kabatini. (Kweli anafanyia kazi kabatini. Yeye ni mdogo wake Mama, anatengeneza sauti za michezo, na amezungushia kabati la chumba chake magodoro ili kelele zisiingie. Akirekodi, nyumba nzima hunyamaza na friji huchomolewa. Maziwa yetu yamekufa mara nyingi kwa ajili ya sanaa.) Huwa hasemi anatengeneza mchezo upi, amekula kiapo cha kampuni. Kwa miezi miwili amekuwa humo na gurudumu la baiskeli na rula ya plastiki. Mimi, kichwa changu hiki kinachopata alama nzuri, nilidhani ni mchezo wa baiskeli!

Akamwambia Mama, dada, wameikata kazi yangu. Sekunde saba zimetupwa. Eti kuna kijana mmoja amechoka kusubiri.

Mama akamtazama Kaka. Kaka akatazama dari. Mjomba akayafuata macho ya Mama, akafika kwa Kaka, akaelewa. Akasema taratibu, kumbe adui yangu ndiye ninayemwachia nyama ya mwisho kwenye sahani. Kaka hakuweza kukana, alikuwa ametoka kujisifu saa ileile. Alichoweza ni kunipiga teke chini ya meza. Nilistahili. Nikaomba chumvi, ambayo ilikuwa mbele yangu.

Kibaya zaidi: Ijumaa Bosi atakata shauri kwenye simu ya video, na Radi naye ameitwa. Gurudumu likibaki fupi halitahitaji mtu wa sauti, na mkataba wa Mjomba utaishia hapo. Kuna kazi ya kufunga spika kwenye kumbi za mikutano, mji mwingine kabisa, siku nzima ya safari. Ameshawaambia ataichukua. Mjomba ataondoka! Kwa ajili ya ndevu nisizokuwa nazo!

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeingia kabatini nikamwomba anisikilizishe. Kanivalisha zile spika za masikioni, kubwa kama bakuli.

Jamani.

Linaanza kama mvua juu ya bati. Kisha unaanza kuisikia rula peke yake, tak, tak, na nyuma yake kitu kama mtu anayevuta pumzi. Mwisho kabisa inabaki tak moja, halafu unasubiri nyingine, halafu haiji. Nilijikuta nimeshika mkono wa Mjomba.

Akaniambia zile sekunde tisa si urembo. Ni mlango. Mtu akizisubiri anaweza kukumbuka sufuria iko jikoni, anaweza kukumbuka ana mtoto, anaweza kuiweka simu chini. Ukiuziba mlango, anabonyeza tu na kubonyeza kama anayekuna upele. Mama, ambaye miaka yote amesema kazi ya Mjomba ni kuwagandisha watu vitini, alikuwa amesimama na ufagio. Akasema leo kwa mara ya kwanza mdogo wake ameongea jambo la maana, na kwamba yeye angependa ziwe tisini.

Nimepata mpango! Rahisi ajabu! Radi abadili mawazo!

Nimeandika mchana huohuo: nimekosea, gurudumu ni zuri, liacheni kama lilivyo. Nimetuma. Nimecheza kidogo mbele ya kioo.

Jioni Bosi amejibu. Amefurahi kupita kiasi. Amesema hii ndiyo tabia ya vijana aliyokuwa akiieleza kila siku: jana wanataka hiki, leo kile, hata mawazo yao yana kasi! Kwa heshima ya Radi, gurudumu sasa ni sekunde moja.

Sichezi tena mbele ya kioo.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango wa pili ulikuwa kuzikandamiza zile sekunde tisa ziingie kwenye moja, Mjomba awapelekee, abaki kazini. Alikubali ili kunifurahisha. Tukakandamiza. Ilitoka sauti ya kuku anayepiga chafya. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, kisha nikamwona anafuta macho na kuanza kukunja nyaya zake, moja moja, kama mtu anayefunga mizigo. Godoro moja tayari limeshuka ukutani.

Nilimfuata Kaka. Nikamwambia kesho yeye ndiye atakayezungumza kama Radi, kwa hiyo yeye ndiye atakayemwokoa Mjomba. Akasema hajui hata huo mchezo ukoje. Nikamwambia ni gurudumu. Akauliza, linazunguka? Huyu ndiye sauti ya kizazi!

Basi nimemwandikia hotuba kwenye simu. Aya nne! Mvua juu ya bati imo. Sufuria imo. Mlango umo. Niliposoma aya ya tatu nililia mwenyewe, na mimi ndiye niliyeiandika. Mwisho nikaweka shukrani za adabu. Kaka kaniahidi ataisoma yote, neno kwa neno. Nimemwapisha.

Kesho Mjomba anaokoka! Sioni mahali pa kuharibika.

Ijumaa, 8 Machi

Pameharibika.

Walikaa sebuleni, Mjomba na Kaka, kompyuta juu ya kigoda. Mama alinituma niwapelekee chai. Nilisimama nyuma ya mlango na sinia, bado na sare ya shule, nikisubiri aya ya tatu.

Bosi akamkaribisha Radi. Akasema watu wote wako kimya wanamsikiliza. Kaka akafungua simu. Na hapo nikaona kidole chake. Kaka hutazama filamu kwa mwendo mara mbili. Kaka huruka mwanzo wa nyimbo. Kidole kile kikapanda, kikapanda tena, hotuba yangu ikapita kama nguzo za umeme mtu akiwa ndani ya basi, aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, wee! Akatua kwenye mstari wa mwisho. Akasoma kwa sauti nzito: "Kwa hayo machache, nashukuru sana kwa kunisikiliza."

Akairudisha simu mfukoni.

Kisha Bosi akapiga makofi! Akasema mmemsikia? Hata utangulizi hataki! Huyu ndiye mteja wetu wa kesho! Akasema anaona mwanga sasa: kwa nini gurudumu lizunguke hata kidogo? Mtu abonyeze, aone matokeo, abonyeze tena. Sauti itolewe yote, ubaki mtetemo. Akamshukuru Mjomba kwa ushirikiano wake wa muda mrefu.

Mjomba alikuwa ameweka mikono juu ya magoti. Niliona tu kwamba rula ya plastiki iko mfukoni mwa shati lake. Alikuwa amekuja nayo.

Sijui miguu yangu ilimuuliza nani ruhusa. Nikajikuta mbele ya kompyuta na sinia, vikombe vinagongana kama meno. Nikasema. Kwa sauti! Kwa watu wengi! Nikasema Radi ni mimi, nina miaka kumi na sita, huyu Kaka hajui hata mchezo wenyewe, na ule mchezo niliucheza chooni sauti ikiwa imezimwa, kwa hiyo nilikuwa nahukumu nusu ya kitu. Nikasema mkiusikia mtakoma. Halafu nikamwaga chai.

Dirisha moja kule pembeni ya skrini, ambalo muda wote lilikuwa jeusi, likawaka. Mwanasheria wa kampuni! Shavu limejaa chakula. Akameza. Akaniomba nirudie umri wangu. Nikarudia. Akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Akasema maoni yote ya Radi yafutwe, yote, tangu la kwanza, na kila kilichoamuliwa kwa ajili yake kirudi kilivyokuwa, kabla kampuni haijafikishwa mahali asipotaka kupataja. Gurudumu sekunde tisa. Kazi ya sauti inaendelea mpaka wajaribu watu wazima wapya waucheze, wakiwa na masikio.

Mjomba anabaki! ANABAKI!

Kaka amefukuzwa kwenye ujaribu na ameniita msaliti, bunduki inayojifyatua yenyewe, na mengine ambayo Mama alimkatiza kwa mwiko. Kisha Mama akanigeukia mimi na mwiko uleule. Simu yangu imechukuliwa hadi mitihani iishe. Nimeahidi mbele ya wote kwamba sitaandika tena kwa jina la mtu. Nililia, nikaapa, nikapiga magoti. Mjomba alirudisha godoro ukutani, akaniita nimshikie ngazi.

Jumapili, 10 Machi

Bibi amefika jana, mama yao Mama na Mjomba. Amekuja kuona kitu gani kimemfanya mwanawe aishi kabatini. Tukamvalisha zile bakuli za masikioni. Akasikiliza, akasema loo, mwanangu, kumbe una akili.

Na kampuni inatafuta wajaribu wapya! Watu wazima! Bibi ana miaka sabini na mmoja, huwezi kuwa mtu mzima kuliko hapo. Akataka mwenyewe, simlazimishi mtu. Tumemwandikisha kwa simu yake na kitambulisho chake halali. Mama alichukua simu yangu. Ya Bibi hakuitaja.

Bibi haoni herufi ndogo. Anacheza, anapiga kelele, ananitajia maoni, mimi naandika. Huku si kuandika kwa jina la mtu. Huku ni kumsaidia mzee, jambo ambalo hata shuleni wanalisifu. Leo kasema: linazunguka vizuri. Lakini maneno mawili tu hayaonyeshi heshima, basi nikayanyoosha kidogo. Nimeandika kwamba sisi wazee tumechoka kukimbizwa na hawa watoto. Kwamba sekunde tisa hazimtoshi mtu mwenye adabu zake. Kwamba liongezwe hadi dakika nzima, na tunaomba Mjomba, yaani fundi wa sauti, aifanye yote upya tangu mwanzo.

Bosi amejibu papo hapo! Bibi ni sauti ya kizazi! Dakika nzima, na wanaitaka Jumatano!

Nasikia kabati linafunguka. Mjomba anauliza ukumbini, kwa upole wa kutisha, ni nani aliyemwambia Bosi dakika nzima. Bibi anajibu hajui habari za dakika, ila mjukuu wake anaandika vizuri mno, Mungu ambariki.

Nyayo. Si za Mama, Mama huburuta kandambili. Hizi zinatembea polepole sana, moja, halafu nasubiri nyingine. Naliweka daftari hili chini ya godoro. Hapana, godoro atalihitaji. Nyuma ya kioo!