Kidogo cha Kiingereza Kilichoniponza

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka kufua mashuka. Shangazi, mwenye nyumba hii ya wageni, katangaza anatafuta mtu wa mapokezi ajuaye Kiingereza. Shemeji, mume wa binamu yangu, akakohoa kwa madaha. Nikamwahi: nikasema Kiingereza nakinywa kama maji. Shangazi akasema haya, tutaona. Mdomo huu!

Jumanne, 5 Machi
Wamefika mzee mmoja na mkewe, wageni kutoka ng'ambo. Yule mama mgeni akauliza kama nina nafasi ya kumtembeza bustanini. Ninayo, kidogo! Nikatabasamu: "I have little time for you." Akanywea. Mumewe akanyanyua mabegi. Shemeji akazuka kama jini, akawatuliza, akawatembeza yeye. Huyo!

Jumatano, 6 Machi
Nimeitwa jikoni. Eti nimewaambia wageni sina muda wa kupoteza nao! Shemeji akafafanua polepole, kama anayemlisha mgonjwa: "a little" ni kidogo lakini kipo, "little" mkavu ni kidogo cha kukatisha tamaa. Herufi moja! Kwetu kidogo ni kidogo, na hakuna anayehama. Shangazi kanionya: nikikosea tena, narudi kwenye beseni.

Ijumaa, 8 Machi
Dawa nimeipata. Penye uchache, tanguliza "a". "A little soap." "A few towels." Yule mama kanisifu. Shangazi nusura atabasamu. Nusura.

Jumamosi, 9 Machi
Kunguni chumba cha nyuma! Tumepiga dawa, wamebaki wawili watatu, hoi. Kesho linakuja basi zima la wageni. Muungwana hafichi. Nikabandika tangazo langoni, kwa herufi kubwa, nikiongeza "quite", ambalo najua ni utulivu: "We have quite a few bedbugs." Wachache, tena watulivu. Shemeji angeliweza hilo?

Jumapili, 10 Machi
Basi lilisimama langoni. Wakasoma. Basi likageuka.
Shangazi hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa kwenye ngazi, kanga begani, akitazama vumbi. Kisha akampa shemeji funguo za mapokezi. Shemeji anadai utulivu ni "quiet", na "quite a few" maana yake wengi. Wengi! Maneno ya uchache yazae jeshi? Fitina tupu.
Niko na mashuka. Mgongo unauma. Ila nimesikia mwezi ujao wanakuja Wafaransa. Shemeji hajui Kifaransa. Nami sijui, lakini yeye anajua kwamba hajui. Hapo ndipo ninapomzidi. Nimeshamwambia shangazi aniachie mimi.