Wiki Moja ya Bangili za Mama Mkwe

Jumatano, 10 Februari 1988

Filamu yangu imewasili! Nimeipaka unga wa msandali wa baraka, nimeivisha shada la maua. Makubaliano na Kaka Girdhari, ndugu wa mke wangu na mwenye nusu ya jumba letu la sinema, ni haya: Bangili za Mama Mkwe ikijaza watu wiki nzima, jumba linabaki sinema. Isipojaza, linakuwa ukumbi wa harusi. Anasema itakuwa flop. Hapa India, mjini Gorakhpur, Kiingereza cha kila mtu ni neno hilo. Filamu ikikosa watu, flop. Sambusa ikiwa mbichi ndani, flop. Mgombea akinyimwa kura na mkewe, flop. Baba mkwe alilitamka siku ya harusi yangu, nilipokuwa nateremka kwenye farasi wa bwana harusi. Nilidhani anamsema farasi.

Ijumaa, 12 Februari

Siku ya kwanza. Nimebuni hila. Watu hupenda wanachonyimwa! Kabla dirisha la tiketi halijafunguliwa, nikamwamuru bawabu wetu, Baleshwar, atundike nje ule ubao mwekundu wa UKUMBI UMEJAA. Akauliza umejaa nani. Nikamwambia hajui biashara.

Wakaja makundi kwa makundi, na wake, na watoto, na tambuu mashavuni. Wakasoma. Wakanung'unika vizuri sana. Nikasugua mikono. Kisha wakavuka barabara, wakaingia kwa mpinzani wangu Chaurasia, anayeonyesha filamu ya majambazi, ya zamani hivi kwamba majambazi wenyewe sasa wana wajukuu. Kwangu ndani: mimi, Baleshwar na mbuzi. Mbuzi aliondoka wakati wa mapumziko.

Jumamosi, 13 Februari

Ubao nimeuteremsha. Hakuja mtu. Mji mzima unaamini tiketi zimekwisha, na Chaurasia, kwa wema wake, anawathibitishia.

Hila ya pili. Nikauita ukoo wa mke wangu, bure, nikampa kila mmoja konzi ya sarafu amrushie mwigizaji akianza kucheza, kama wafanyavyo watazamaji waliopagawa. Ngoma ikaanza. Sarafu zikabaki mifukoni. Aliyerusha kitu ni Shangazi Phulmati tu. Alirusha ndala. Ikampata mama mkwe wa kwenye filamu, shavuni, na kwa mara ya kwanza watu wakapiga makofi. Nimeyahesabu kuwa mafanikio.

Jumatatu, 15 Februari

Kaka Girdhari amekuja na fundi wa mapambo, wanapima ukumbi. Mke wangu, Sarla, akamwomba atuachie hadi Alhamisi, wiki itimie. Mimi nikaeleza kwamba mji huu haujui sanaa. Girdhari akanitazama kwa huruma. Afadhali angenitukana.

"Shemeji, watu walikuja. Uliwafukuza mwenyewe, mlangoni."

"Nilikuwa nawatia hamu."

"Basi imewaingia. Chaurasia anakushukuru, ameniletea ladu tamu."

Sarla akacheka. Mke wangu mwenyewe! Akanifariji kwamba filamu si mbaya, hasa pale umeme ulipokatika. Hata hivyo kakake alikubali: hadi Alhamisi.

Alhamisi, 18 Februari

Watu wanne. Wawili walikuwa wanamtafuta daktari wa meno. Nimezima mashine ya filamu mwenyewe. Ilikuwa bado ina moto, nikaiwekea kiganja kwa kitambo. Kisha nikampa Girdhari funguo. Hakusema flop. Alisema nile kwanza.

Jumapili, 21 Februari

Harusi ya kwanza ukumbini. Girdhari amenipa kazi ya kusimamia viti. Nimekwenda nimenuna, nimerudi nimepona!

Wageni walikuwa mamia. Wakala mikate ya puri hadi wakalegea. Kuhani akawachukua maharusi uani kwenye moto mtakatifu wa ndoa, kwa sala za mantra ndefu sana, na wageni wakabaki wamekaa. Hawana kazi. Hawawezi kwenda nyumbani kabla bibi harusi hajaagwa. Na wote, naapa, wameelekea ukuta mmoja mweupe, ule wa filamu!

Miaka yote nahangaika kuwaleta watu ndani, kumbe shida ni kuwazuia kutoka. Mashine bado ipo, na Bangili za Mama Mkwe bado ninayo; nimemweleza Baleshwar. Akasema, "Tajiri, nakusihi, hiyo ni siku ya furaha ya watu." Hana jicho la biashara, maskini. Harusi nyingine ni Jumatano. Mlango wa ukumbi ni mmoja tu, na kufuli nimeshanunua.