Sentimita Tano za Bandia

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwona Candida akichomelea fremu! Fundi baiskeli, hapa hapa Mchafukoge, miwani myeusi usoni, cheche zinaruka. Mimi muuza mapazia wa Kariakoo nikasahau kwamba nilitoka dukani kutafuta chenji.

Anasema fremu nyingi za mtumba hazimfai mtu, ndiyo maana watu wanaumwa mgongo na kulaumu barabara. Yeye anampima mtu kwanza, fremu baadaye. Akili gani hiyo! Siku ya Nane Nane atavuka kwenda Kigamboni na mtu mmoja wa kumjaribia fremu aliyoiunda mwenyewe. Atamchagua kwa vipimo vya miguu. Siku nzima na Candida! Lakini Ansbert muuza sufuria naye anaitaka nafasi. Tukisimama pamoja watu hudhani sisi ni mapacha.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata! Candida ni mrefu, kwa hiyo atataka mrefu mwenzake. Hilo halihitaji digrii. Kupimwa ni bila viatu, soksi ruksa. Nimekata soli za ndala, nimezipanga mbili mbili ndani ya soksi. Natembea kama bata, lakini bata mrefu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepimwa. Unasimama ukutani, unabana pima maji msambani, juu katikati ya mapaja, kisha yeye anashusha futi kamba hadi sakafuni. Kila namba anaisoma mara mbili. Nimempenda zaidi.

Sentimita themanini na moja! Akaangalia soksi zangu, akauliza, Kaka Tarsis, una hakika? Nikamwambia ukoo wetu kule Rombo wote ni miguu mirefu. Akasema haya, akaandika. Ansbert kwisha habari yake.

Alhamisi, 7 Agosti
Amechaguliwa Ansbert! Sabini na sita!

Candida ameeleza kwa upole kabisa, huku ananichinja, kwamba fremu ile ameiunda kwa watu wa miguu mifupi, ambao za mtumba huwatesa. Eti alikuwa ananifikiria mimi, ndiyo maana aliniambia wa kwanza. MIMI! Nimejipima chumbani bila soksi. Sabini na sita kamili. Sijala.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimekwenda Magogoni kuwatazama wakiingia kwenye pantoni. Nilikusudia kuchukia, nikashindwa. Fremu ile jamani! Ansbert, ambaye wiki iliyopita aliendesha kama gunia la mkaa, leo kiti kimemkaa, magoti yanazunguka laini, mabega yamelegea. Hata sura imemtulia. Yule dada ana mikono ya ajabu. Nimepiga makofi peke yangu, watu wakanigeukia. Roho inaniuma na nimefurahi.

Jumapili, 10 Agosti
Candida kanifuata mwenyewe nyumbani! Ana fremu ya pili, ndogo zaidi, ya miguu ya sabini na mbili, na kesho anatafuta wa kuijaribu. Kasema nije peku kabisa safari hii, nisiogope ukweli. Kama si saizi yangu, ataniundia yangu taratibu. Muungwana ajabu!

Kuniundia yangu? Mpaka lini? Ansbert si atakuwa ameshaposa!

Nimeazima kanzu ya jirani yangu Mbaruk, pana, inafika chini. Nimejaribu mbele ya kioo. Nikikunja magoti ndani yake, hakuna anayeona. Sabini na mbili naipata vizuri tu. Na kutembea natembea, ilimradi pasiwe na ngazi.