Fuko Aliyekula Jinsengi ya Wifi

Jumanne, 3 Septemba

Ukungu mzito tangu alfajiri. Haukuinuka bondeni hadi saa nne. Baadaye jua.

Msimu wa kuchimba jinsengi, mmea wa msituni ambao mizizi yake ni dawa ya bei kubwa, ulifunguliwa juzi, na yangu imekomaa! Miaka kumi na miwili nimeilea kwa siri kwenye kivuli cha miti mikubwa, mlimani nyuma ya nyumba. Anayejua ni mume wangu Delmer tu, naye hajawahi kuamini. Husema mlima huo haujampa hata kikombe cha chai.

Sasa Bwana Skaggs, mpasua mbao, anaitaka miti yote. Delmer ameahidi kumjibu Jumatatu ya tarehe 16. Tumekubaliana hivi: nikimwonyesha kapu la mizizi minene kabla ya siku hiyo, miti inabaki. Nikishindwa, misumeno inaingia. Jinsengi haiishi juani. Na mimi, mlima ule ukinyolewa, sijui nitatazama nini nikiosha vyombo.

Ningechimba leo, lakini mzizi hunenepa majani yakigeuka manjano. Ukiharakisha, mzizi ukikauka unakuwa kama mkia wa panya. Nitachimba Jumamosi ya tarehe 14. Nimepanga.

Kikwazo ni kimoja: Verlie, dada yake Delmer. Wifi huyu huiona jinsengi akiwa ndani ya gari linalokwenda. Leo nimemkuta kwenye uzio wetu wa juu na fimbo mkononi. Eti anamtafuta mbwa wake. Mbwa alikuwa amekaa kwenye gari lake, anatutazama wote wawili! Nikamwambia mbwa yule pale. Akasema, “Ahaa, kumbe! Wifi, macho yako bado mazima.” Lakini yake hayakutoka mlimani.

Uamuzi: lisiloonekana halichimbwi. Nimepanda mlimani na mkasi nikakata mashina yote, majani na matunda yake mekundu, usawa wa ardhi. Mlima sasa ni msitu mtupu. Alama sikuweka, maana alama ni barua kwa mwizi. Mizizi imelala, na mahali ilipo napajua mimi.

Mashina nimeyatia kwenye ndoo ya maji kama maua ya harusi. Yanapendeza. Kuyatupa ni dhambi.

Jumatano, 4 Septemba

Mvua nyepesi asubuhi. Udongo laini.

Wazo limenijia nikikaanga mayai. Nimemwachia Delmer mayai yaungue na nikatoka na ndoo. Verlie alikuwa ameenda mjini kwa daktari wa meno. Nikavuka kijito hadi mlima wake, nikayachomeka mashina yangu ardhini chini ya miti yake, moja moja, na matunda yake mekundu juu. Mvua imeyachangamsha. Ungeapa yameota hapo.

Sasa atakuwa na kazi kwake, na kwangu hatakuwa na haja ya kuja. Nimerudi nikiimba. Delmer ameuliza kwa nini viatu vyangu vina matope ya ng'ambo. Nikamjibu matope ni matope.

Ijumaa, 6 Septemba

Baridi kidogo. Anga safi.

Verlie ameingia jikoni bila kubisha, nywele zimesimama. Amechimba! Asubuhi yote! Anasema kila shina alilolishika lilitoka lenyewe, na chini hakuna kitu. Hakuna hata uzi wa mzizi. Amelia kabisa, kwenye leso yangu ya meza. Anasema ni fuko. Fuko mpya, ambaye hula mzizi kwa chini na kuacha shina limesimama kama vile hakuna kilichotokea. Kutokana na mshtuko amekula maandazi yangu yote na rojo la tufaha.

Nilikaza uso. Nilimpa pole. Nikamwuliza matunda amefanyaje. Akanitazama kama niliyemtukana: amezika mbegu palepale alipochimba, bila shaka, kama watu waliolelewa na wazazi. Ndivyo ifanywavyo hapa. Hata ukinyang'anywa mzizi, mbegu unairudishia ardhi.

Mbegu zangu! Hilo sikulifikiria. Si kitu.

Jumapili, 8 Septemba

Jua kali. Kanisani joto.

Fuko amehubiriwa kuliko Injili. Verlie alisimama wakati wa maombi akaomba bonde zima liombewe. Baada ya ibada watu wote walikuwa uwanjani wakielezana. Mzee mmoja anasema babu yake alimwona fuko huyo, ana mikono kama ya mtoto. Mwanamke mwingine ameshachimba nusu ya shamba lake jana, mapema, kwa hofu. Mizizi yake ni mikia ya panya mitupu. Nilimhurumia kweli. Nikamshauri aache mingine. Akanikemea, “Dada Orpha, wewe huna jinsengi, huwezi kujua uchungu.”

Ilibidi niinamishe kichwa. Lakini moyoni nilifurahi kidogo. Siri yangu ni salama kiasi hicho!

Afisa ugani ataletwa Jumanne.

Jumanne, 10 Septemba

Mawingu. Upepo. Majani ya kwanza yameanguka.

Mkutano kwenye ukumbi wa zimamoto. Watu wamejaa, maharage na mkate wa mahindi vimeisha kabla sijafika mezani. Afisa ugani, binti mpole aitwaye Cantrell, ameeleza kwa upole kwamba fuko wa hapa hula minyoo, si mizizi, na hajui mnyama wa kula mzizi mzima bila kuangusha shina. Kosa kubwa! Badala ya kutulia, watu wakanguruma. Kama hata serikali haimjui, basi ni mbaya kuliko tulivyodhani!

Verlie akapiga meza na kusema, “Binti yangu, wewe umesoma fuko wa vitabuni. Huyu wa kwangu hajasoma!” Ukumbi ukashangilia. Mimi pia nilipiga makofi. Ningefanyaje?

Nyumbani, balaa. Delmer hakuvua hata kofia. Anasema alikuwa tayari kungoja, neno lake ni neno, lakini kama kuna mnyama wa namna hiyo basi kapu langu limeshaliwa na hakuna cha kungoja. Amempigia Skaggs. Skaggs anakuja Ijumaa kupaka miti rangi ya kukatwa!

Nilimwambia fuko hayupo. Akaniuliza ninajuaje. Nikasema ni hisia ya mwanamke. Akasema wanawake wote wa bonde wanahisi vingine.

Basi, manjano au si manjano, Alhamisi nachimba.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua ya usiku imekwisha. Upepo umeangusha majani kila mahali.

Sioni kitu.

Nimesimama mlimani na jembe langu dogo nikitazama zulia la majani. Nilijua kwamba mizizi iko kati ya mti uliopinda na jiwe kubwa. Miti iliyopinda ipo mingi! Mawe makubwa ndiyo usiseme! Nikaanza kwenye mti wa kwanza. Hakuna. Wa pili, kamba za mizizi ya miti mingine. Wa tatu, chupa ya soda ya zamani. Nimechimba huku na huku mpaka mlima ukaonekana kama zizi la nguruwe. Nimepata mzizi mmoja wenye unene wa penseli, nao nikaukata katikati kwa jembe. Nikakaa chini. Nililia kidogo. Nikala biskuti zangu.

Nilipoinua macho, Verlie alikuwa kwenye uzio. Hakuja na mbwa wala fimbo. Alishika mdomo. Akapiga ukelele, “Mungu wangu, wifi! Amehamia kwenu!” Kisha akakimbia kuteremka, kwa umri wake, kama msichana.

Sikuwa na nguvu ya kumwita.

Ijumaa, 13 Septemba

Ukungu, kisha jua tamu sana. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Bonde zima limekuja! Tangu saa moja asubuhi magari yamejipanga barabarani. Majembe, mbwa, mitego, vyungu vya kuku na viazi. Verlie ndiye kamanda, amefunga kitambaa kichwani. Amewapanga watu mstari mmoja chini ya mlima, wapande polepole wakifukua majani, wamsake fuko. Delmer alisimama barazani na kikombe chake, haelewi aanze na lipi.

Hawakufika mbali. Mzee mmoja akasema, “Ngojeni. Hapa pana kitu.” Akapiga magoti. Akafukua kwa vidole, taratibu, maana mtu wa hapa hata akimwinda shetani hawezi kukata mzizi wa jinsengi. Akautoa mzima, mikono na miguu yake yote, mnene, umejikunja kama mtoto aliyelala. Kisha mwingine akaita. Kisha mwingine. “Huu hajaula!” “Na huu hajaula!” Kila mzizi ukishangiliwa kama bao. Watu waliopiga magoti walienea mlima mzima, chini ya miti yangu, na jua linapenya majani. Nililia tena, lakini si kwa sababu ya jana.

Verlie akaniletea mzizi mmoja mkononi. Alikuwa akitazama pale juu, mahali shina lilipokatwa. Akapitisha kidole gumba. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Wifi, fuko huyu anatembea na mkasi?”

Akanikodolea macho. Nikamwona akigeuka, akiwatazama watu wote aliowaita, na Mzee wa kanisa aliyeliombea bonde kwa machozi Jumapili, na binti Cantrell aliyekuja na kamera. Akavuta pumzi. Akasema, “Utanitengenezea rojo la tufaha mpaka nizikwe. Umenisikia?” Nikasema nimesikia. Kisha akapaza sauti akiwaambia watu kwamba fuko ameshakimbia, harufu ya mbwa imemshinda. Wakashangilia. Nadhani alikuwa akicheka, mabega yalitikisika.

Skaggs alifika saa nane na kopo lake la rangi. Akakuta mlima umejaa watu waliopiga magoti. Delmer alikuwa katikati yao, suruali imeloa, kapu limejaa hadi mpini. Sijamwona hivyo tangu tulipooana. Skaggs akauliza aanzie mti upi. Delmer akaweka kapu chini, akafuta mikono, akamwambia, “Samahani, kaka. Miti hii ina wapangaji.” Akampa sahani ya kuku. Skaggs alikula, akapiga magoti na yeye, akapata mizizi miwili.

Tumekula nje wote. Delmer alinishika mkono mbele za watu.

Jumapili, 15 Septemba

Asubuhi baridi, moshi wa jiko unapanda wima. Majani manjano sasa, kila mahali.

Mizizi inakauka darini kwenye wavu. Nyumba yote inanukia udongo na kitu kitamu. Delmer anapanda kila baada ya muda mfupi kuitazama, akijifanya anatafuta bisibisi. Amesema mwakani tupande mbegu zaidi. Tupande, alisema!

Nimepeleka chupa ya kwanza ya rojo kwa Verlie. Tulikaa barazani kwake, tukacheka mpaka mbwa akatoka. Akaniambia kilichonusurisha mlima wangu ni watu, na siku nyingine nimwambie tu, tulinde pamoja, siri ni kazi ya kuchosha. Maneno mazuri. Niliitikia yote.

Nikiwa pale nilikuwa nautazama mlima wake. Mbegu zangu ziko kule, kwenye udongo wake, amezizika kwa mikono yake mwenyewe. Zitaota. Mlima wangu sasa unajulikana na bonde zima, lakini ule wake, ambao wote wanaamini fuko aliumaliza, hakuna mtu atakayeuchimba tena, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Shamba bora la siri katika wilaya hii! Verlie ananilindia bila kujua, na mimi nitavuna.

Hatari ni moja tu, macho yake. Lakini hilo ni jepesi. Kila Septemba, akienda kwa daktari wa meno, nitavuka kijito na kuyakata majani yote kabla hajayaona. Mkasi nimeunoa leo. Alama, bila shaka, hapana.

Nalala sasa, saa tano na robo, kwa furaha.