Mama Amenililia Nikiwa Chini ya Lori

Leo nimeaibika mbele ya soko lote la Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Naandika upesi, kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa vibaya sana.

Mnajua nakusanya plaki za magari, vile vibao vya chuma vyenye namba. Nimezitundika ukutani juu ya mkeka wangu. Mama anaziita takataka, na asubuhi ya leo alisema kabisa kwamba jioni zinaenda ziwani. (Jibu zuri hunijia kesho yake.)

Nikaenda sokoni na huzuni yangu. Nikakuta lori lililoshuka kutoka Fizi na mapipa ya mafuta ya mawese. Dereva, mzee mpole, akaniambia lori linapewa namba mpya. Nikiweza kufungua plaki ya nyuma, ni yangu. Akaniachia spana, yeye akaenda kula bukari, ugali wetu wa huku.

Skrubu zilijaa kutu. Nikalala chali chini ya lori, miguu nje. Ya kwanza ikatoka, nikaishika kwa meno. Ya pili nayo. Pipa moja lilikuwa linavuja, kitu cha vuguvugu kikanidondokea mguuni, sikujali. Mawese ni mekundu, lakini nani anawaza hayo akiwa na plaki mkononi?

Mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyewaza. Aliona miguu, akaona wekundu, akapiga yowe.

Hapo ningetoka tu. Lakini watu walishafika wengi, na mimi na watu mnatujua. Nikasema nitatoka wakipungua. Wakaongezeka. Wanaume wakabishana: tumvute, au tusukume lori kwanza?

Kisha nikasikia sauti ya Mama. Alikuwa ameacha ndakala zake, dagaa wa kuuza, juani, na miguu yangu aliitambua mara moja. Kwetu maiti huliliwa kwa kutajwa mambo yake, na Mama hakubakiza.

"Baba yangu weee!" (Nina jina la baba yake.) "Mutoto wangu wa haya! Mutoto mwenye analalaka na kitenge changu mpaka leo!"

"Kitenge?" ikauliza sauti moja, karibu kabisa. Riziki, binti wa katekista. Kati ya watu wote.

Nikaomba lori liondoke kweli, lipite juu yangu.

"Na ile maplaki yake," Mama akalia, "Mungu, umurudishe tu, nitayapanguza mi mwenyewe!"

Machozi yakanitoka, sifichi. Nikatema skrubu, nikatoa kichwa.

"Mama, utayapanguza kweli?"

Mama akanikumbatia, akanipiga kofi, akanikumbatia tena. Ndipo akanusa mguu wangu.

"Haya ni mawese," akasema taratibu, na soko zima likaanguka kwa kicheko. Riziki alilazimika kushikilia lori.

Sasa ni jioni. Mama amekaa mlangoni, anasugua plaki mpya kwa majivu. Kitenge nimekikuta juu ya mkeka wangu, kimefuliwa na kukunjwa.

Plaki zimebaki ukutani. Jina langu ndilo lililozama ziwani: huko sokoni sasa naitwa Kitenge.